Tupeane uzoefu: shifta fupi kwenye gari la spoti, ulichaguaje na imekutendaje?

Chumvi_ya_Bahari

Wadau wa Malindi, salamu aleikum. Wiki hii vijana watatu wameniuliza shifta fupi gani nzuri, yaani ile liva ya gia inayopunguza mwendo wa mkono unapobadili gia, na wote nimewajibu vibaya kwa sababu jibu la mkato sina. Nina kisa changu, leteni vyenu. Sharti ni mawili: usilete ulichosimuliwa, na duka likikukosea usilitaje jina.

Langu ni Subaru Impreza WRX, gia 5. Nililinunua liva ikicheza kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Umeshaingiza tatu, bado mkono unakwenda kushoto na kulia. Nikajiambia dawa ni shifta fupi. Nikaagiza ya bei ya kutupa, ikafika Mombasa, ikapanda basi, fundi akaifunga jioni moja. Safari ya kwanza hadi daraja la Sabaki nilikuwa nacheka peke yangu: mkono hauendi popote na gia imeshaingia! Safari ya pili mke wangu akauliza, "Hili gari linasaga nini?" Ni kweli, injini ikipita mizunguko 3,000 kulikuwa na mlio wa chuma, ziiii, unapanda kwenye liva mpaka kiganjani. Na ule mchezo wa kushoto kulia? Upo vile vile.

Kumbe ugonjwa ulikuwa bushi, ile pete laini inayokaa kwenye maungio ili chuma kisicheze. Kwenye Subaru liva haikai juu ya giaboksi. Kuna ufito unaosukuma gia, na mwingine unaoshikilia kitako cha liva, huo umefungwa nyuma kwenye bodi kwa bushi ya mpira. Yangu ilikuwa imelika, imekaa kama chapati ya jana. Nikatia mpya kwa pesa isiyofika robo ya bei ya shifta, nikarudisha liva ya kiwandani, nikaendesha hivyo miezi minne. Ndipo nikanunua shifta nyingine, hii yenye mpira katikati, unaotenga nusu ya juu ya liva na ya chini. Hiyo ndiyo iliyomo leo, na mama watoto hajalalamika tena.

FundiMstaafu_Barani

Mwanangu umenena. Watu huja gerejini, "fundi nitilie fupi", wala hajui anafupisha nini. Liva ni mtaimbo tu. Tuseme kutoka mkononi hadi kwenye boli, lile gololi ambalo liva inayumbia juu yake, ni sentimita 24, na chini ya boli ni 6. Hiyo ni 4 kwa 1. Ukileta liva yenye 8 chini, inakuwa 3 kwa 1: mwendo wa mkono umepungua robo, lakini nguvu unayotia imeongezeka theluthi. Hakuna cha bure hapo. Ndiyo maana ukiona tangazo la kupunguza nusu, jiulize bega lako linasemaje.

Nyingine zinafupishwa kwa kukata juu tu, unashusha mkono. Hizo mimi siziiti shifta. Chukua msumeno, matokeo ni yale yale.

Na sinkro, zile pete za ndani ya giaboksi zinazolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, hazina habari kwamba umenunua kitu kipya. Zinataka muda wao. Ukiirusha gia kwa ubavu utasikia krrr, na aghalabu ya pili ndiyo inayoanza kufa.

Pweza_Mkavu

Mimi nina Mazda MX-5 ya zamani, ile ya taa za kufumbuka. Liva yake imezama moja kwa moja ndani ya giaboksi, fito za kati hakuna, na tokea kiwandani mwendo wake ni mfupi. Lakini yangu ilikuwa nzito na inakwaruza, nikaweka pesa za shifta kando. Jamaa mmoja wa Kilifi mwenye gari kama langu akanambia, kabla hujanunua kamata yangu. Wallahi niliona wivu. Nikamuuliza shifta ya wapi hiyo, akasema ya kiwandani! Alichobadilisha ni kikombe cha plastiki kwenye ncha ya chini ya liva, mipira miwili ya kuziba, na oili ya kile kisima ambamo liva imesimama. Kile kisima kina oili yake, ukimwaga ya giaboksi hujaigusa.

Nikafungua yangu pale nyumbani. Kisima kikavu. Mpira umepasuka. Na mchanga, jamani, mchanga wa Casuarina umejaa chini ya konsoli kama nimeegesha ufukweni miaka kumi. Kumbe hata ule moto uliokuwa ukinipiga paja nikienda Mombasa ulikuwa unapanda kupitia mpira ule. Shifta sijanunua mpaka leo, pesa imeshonea turubai la paa.

BintiGede

Mimi ni Toyota Celica. Injini imekaa kwa ubavu mbele, gia zinavutwa na kebo mbili, kwa hiyo maneno ya fito za Subaru hayanihusu. Muuzaji aliniambia shifta yake "inaingia gari zote". Haiingii gari zote. Ya pili iliingia, lakini ilifupisha mbele na nyuma tu, kushoto na kulia ikabaki upana ule ule. Wiki mbili nzima natafuta tatu napata tano. Nimeizoea sasa, ila kilichonisaidia zaidi ni bushi za chuma kwenye ncha za kebo badala ya zile za plastiki. Waliowahi kuona boliti za pwani zikikatika kwa kutu, wapake grisi kabla ya kufunga.

Mtoto_wa_Ngala

Nilitia. Nikatoa. Kazi yangu ni Mombasa mara mbili kwa wiki: matuta ya Msabaha, Gede, Matsangoni, kisha foleni ya Mtwapa moja, mbili, moja, mbili. Bega likavimba. Nimemuuzia kijana anayetoka na gari lake Jumapili tu.

KaskaziKali

Swali la mgeni: mimi nilitaka kuanza na nobu nzito (kile kichwa cha liva unachokamata) peke yake. Ina maana?

FundiMstaafu_Barani

Ina maana. Uzito ule unaisukuma gia wenyewe kidogo. Angalia nyuzi za skrubu, unene kwanza kisha nafasi ya uzi hadi uzi: Toyota na Subaru ni milimita 12 kwa 1.25, Mazda na Nissan ni 10 kwa 1.25, Honda ni 10 kwa 1.5. Usilazimishe.

BintiGede

Na isiwe ya chuma kitupu, kaka. Egesha Lamu Road saa saba mchana kisha uikamate. Mimi ninayo kofia ya mtoto naivisha.

KaskaziKali

😂 Haya. Na Subaru yangu inacheza kama ile ya mwenye uzi. Nianze nobu au shifta?

Chumvi_ya_Bahari

Usianze na chochote. Jumamosi baada ya alasiri niko Barani kwa mzee. Njoo na gari, tuingie chini tuangalie bushi, kisha ukamate liva yangu mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Mafuta yako.