Mstahiki Meya wa Dar nzima: arudishwe au tumsahau?

Mleta mada

Wakuu habari za saa hizi. Juzi nimebishana na jamaa kijiweni, yeye anasema Dar ina meya mimi nasema Dar haina meya, tumebishana mpaka kahawa imepoa, kumbe wote tuko sawa, ndo maana nimeileta hapa.

Iko hivi. Februari 2021 hayati Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo jiji. Kwahiyo leo ukisikia "Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam" ujue anayetajwa ni meya wa Ilala. Ukivuka daraja la Salender uko Kinondoni kwa meya mwingine, ukishuka stendi ya Mbezi Luis uko Ubungo kwa mwingine, Mbagala ni Temeke, ukipanda pantoni Kigamboni napo kuna wao. Sensa ya 2022 mkoa mzima ni watu 5,383,728 na Ilala ni 1,649,912, yaani huyu mwenye jina la jiji zima hajafikisha hata theluthi ya watu wa jiji lenyewe. Huyo wa Temeke akitoka nje ya nchi akaulizwa unatoka mji gani anajibuje? Sio mji wangu mimi niko pembeni kidogo?

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi yule meya wa zamani, wa kuanzia 2000 mpaka 2021, alikuwa na nguvu. Hakuwa nazo. Alikuwa juu ya manispaa kwa jina, manispaa zina wakurugenzi wao, bajeti zao, na mabaraza yao ya madiwani, yeye kabakiziwa dampo la Pugu, stendi, na mambo yanayovuka mipaka ya manispaa. Hata ndani ya ofisi yake mwenye sahihi ya hela ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na rais. Meya anavaa joho na mkufu, anaendesha kikao ukumbi wa Karimjee, anapokea wageni. Hicho ni cheo cha heshima, tusijidanganye.

Ila hoja yangu ni kwamba hata hicho cheo cha heshima kilikuwa na kazi, kuwe na mtu mmoja aliyepigiwa kura (hata kama ya madiwani) ambaye akisema "sisi watu wa Dar" anamaanisha wote. Kwa maoni yangu arudishwe, hata akirudi na joho tupu. Karibuni mnipinge.

Mama Tabata

Nakupinga mapema kabisa. Joho tupu nani analipa fundi? Meya akirudi anarudi na naibu meya, na kamati, na posho za vikao, na gari na dereva na mafuta, halafu kesho tunaambiwa ushuru wa soko umepanda. Mimi hapa nilipo nalipia taka kila mwezi na gari la taka linakuja likijisikia, wewe unataka nimlipie na mtu wa kusema "sisi watu wa Dar". Na kumbuka ile halmashauri ilivunjwa kwa hoja hiyohiyo, kwamba haina kata wala wananchi wake moja kwa moja, watu ni walewale wa manispaa, na hela za manispaa ndo zinachangwa kuwaendesha. Kwenye hilo Magufuli alikuwa sahihi, tumpe haki yake.

Mtoto wa Gerezani

Vijana mnaongea kama hili jambo limeanza 2021. Hii ofisi imeshafutwa na kurudishwa mara nyingi kuliko mnavyodhani, ngoja niwape historia kidogo.

Dar ilipata hadhi ya manispaa 1949 enzi za mwingereza, na ndipo habari ya meya ilipoanzia, joho na mkufu na kuitwa "mstahiki" vyote vimekuja na meli hiyohiyo. Miaka kumi ya kwanza hajakaa Mwafrika hata mmoja kwenye kile kiti, na mji umejaa Waafrika. 1960 ndo akaingia Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi yule aliyeandika kanuni za kutunga mashairi ambazo mpaka leo wanafunzi wanazisoma, uwanja wa Arusha umepewa jina lake. Sasa hebu fikiria maana ya kitu kile. Nchi bado ina gavana wa kizungu, na mtu anayevaa mkufu wa mji mkuu ni sheikh wa Kigoma anayejua vina na mizani. Alikuwa na mamlaka gani ya kuajiri na kufukuza? Kidogo sana. Lakini muulize mzee yeyote aliyekuwepo atakwambia kama kilikuwa cheo cha mapambo. Baadaye akawa waziri wa sheria, akafariki 1964 Ujerumani akiwa na miaka 40 tu, mnasoma umri huo? Miaka arobaini.

Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru, Dar ikawa jiji. Ikadumu miaka kumi na kitu, ikaja sera ya Madaraka Mikoani kuanzia 1972, halmashauri zikafutwa nchi nzima, vijijini na mijini, kazi zote zikahamia kwa wakuu wa mikoa na wakurugenzi wa maendeleo. Hakuna diwani, hakuna meya. Miji ikaoza, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia, 1978 serikali yenyewe ikarudisha halmashauri za miji, halafu sheria za 1982 ndo hizi tunazoendelea kuzitumia na viraka vyake.

1996 tena. Sumaye akiwa waziri mkuu jiji likavunjwa, ikaja Tume ya Jiji ya kuteuliwa, chini ya Charles Keenja. Hakuna meya mpaka 2000. Na hapa nitasema kitu ambacho mleta mada hatakipenda, ile tume ilifanya kazi. Mapato yalikusanywa, taka zikapewa makampuni na vikundi vya mitaani, barabara zikafukiwa mashimo. Watu wakasema kumbe meya wa nini? Ndo ugonjwa wetu huo, kila ofisi ya kuchaguliwa ikichafuka tunaona dawa ni mteule, na mteule akichafua hatuna pa kumpeleka.

2000 zikazaliwa manispaa tatu na jiji juu yake, meya akawa Kleist Sykes, mtoto wa Abdulwahid Sykes na mjukuu wa yule mzee Kleist wa African Association, chama cha Waafrika cha enzi za mwingereza. Mnaona jina lilivyokaa? Ukoo uliokuwepo kwenye kuanzisha siasa za mji huu unashika mkufu wa mji. Baadaye Kimbisa, Masaburi, halafu Isaya Mwita wa upinzani.

Mleta mada

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwa Mwita ndo umenisaidia bila kujua. Kama kile cheo kilikuwa pambo tupu, mbona uchaguzi wa meya baada ya Oktoba 2015 uliahirishwa na kuahirishwa mpaka Machi 2016? Upinzani ulikuwa na madiwani wengi Dar, kila mtu anajua kilichokuwa kinagombewa pale. Na mbona Januari 2020 ikapigwa kura ya kumtoa na akidi ikawa ubishi mpaka mahakamani? Watu hawang'ang'anii joho tupu miezi mitano mkuu, lazima kuna kitu ndani ya hilo joho.

Mama Tabata

Ndani kuna posho 😂 nimeshakwambia.

Jirani toka Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Niwape stori ya huku kisha mwamue wenyewe. Sisi tulikuwa na meya wa mkufu vilevile, Charles Rubia ndiye Mwafrika wa kwanza, 1962, kisha miaka ya sabini tukawa na Margaret Kenyatta, binti wa Mzee Jomo Kenyatta. Alichaguliwa na madiwani, na karani wa jiji ndiye aliyeshika kalamu ya pesa. 1983 serikali ya Moi ikavunja kansoli, yaani halmashauri ya jiji, ikaweka tume, na hiyo tume ikakaa mpaka uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Miaka tisa bila meya! Nyinyi mlifanya minne mnalia.

Katiba ya 2010 ikaja, 2013 ofisi ya meya ikaisha, tukapata gavana anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja na ana bajeti ya ukweli. Tukasema sasa tumefika. 2020 gavana mwenyewe akatia sahihi kazi kubwa za kaunti zirudi kwa serikali kuu, tukaletewa jenerali wa jeshi kuendesha, mwisho wa mwaka gavana akang'olewa. Kanjo, yaani askari wa jiji, ni walewale, mama mboga anakimbizwa vilevile. Sisemi gavana ni mbaya, nikipewa nafasi ya kurudi kwa meya wa mkufu sirudi. Nasema tu kura ya moja kwa moja sio dawa ya kunywa asubuhi ukapona jioni.

Wakili wa Kijiweni

Jirani kagusa Nairobi mimi niwapeleke Kampala maana ndo mfano mchungu zaidi. Sheria yao ya 2010 ilitengeneza meya mkuu anachaguliwa na wananchi wote wa mji, safi, halafu sheria hiyohiyo ikamuweka mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais na ndiye mwenye madaraka ya kiutendaji. 2011 wananchi wakamchagua Lukwago wa upinzani. Kilichofuata ni vita. Meya ana kura, mkurugenzi ana hela, kila mmoja anamwambia mwenzake mimi ndo mwenye mji, 2013 madiwani wakapiga kura kumtoa, mahakamani wakaenda na kurudi, 2016 wananchi wakamrudisha tena yuleyule.

Kwahiyo mleta mada ukisema arudi na joho tupu, kumbuka joho tupu la kuchaguliwa na madiwani ni kitu kimoja, na joho tupu la kuchaguliwa na watu milioni tano ni kitu kingine kabisa. Huyo wa pili hakubali kukata utepe tu.

London wao wana akili, wana wawili. Yupo Lord Mayor wa City, cheo cha toka 1189, anakaa mwaka mmoja, ana gari la farasi na maandamano yake, mji anaousimamia ni kama maili moja ya mraba na wakazi elfu nane na kitu. Halafu yupo meya wa London nzima toka 2000, anachaguliwa na wananchi, huyo ndo wa usafiri na polisi. Wa sherehe ana kamji kadogo, wa kazi ana mji mkubwa. Sisi tumechukua nusu ya kwanza, jina la jiji zima tumelipa kipande, nusu ya pili tukaisahau.

Dereva wa Mbagala

Mnazunguka sana wakuu. Mtu wa Dar nzima yupo, ni mkuu wa mkoa. Kila kitu anasema yeye, machinga yeye, bodaboda yeye, mafuriko yeye. Hajapigiwa kura na mtu. Mjadala umeisha.

Mleta mada

Haujaisha mkuu, hapo ndo umeanza. Nafasi ya kuzungumzia Dar nzima haikufutwa 2021, ilikuwa imeshahama kwa mteule siku nyingi, kilichofutwa ni yule wa kuchaguliwa aliyekuwa anaweza kusimama pembeni yake akasema hapana. Na madaraka mengine nayo yameondoka kidogokidogo kwenda taasisi za serikali kuu, barabara za mitaa TARURA toka 2017, kodi ya majengo ikachukuliwa na TRA, maji DAWASA, mabasi ya mwendokasi DART. Hata hawa mameya watano tulionao siku hizi wanabaki na masoko, leseni, zahanati na shule, na hapo pia mkurugenzi ndo anasaini.

Nakubali kwa Wakili, kuchaguliwa moja kwa moja bila kubadili sheria ya mkurugenzi ni kujitafutia Kampala yetu. Nakubali kwa Mama Tabata kwenye gharama. Basi nashusha dau langu, hakuna halmashauri ya jiji, hakuna madiwani wapya, hakuna jengo. Hawa mameya watano wakae wamchague mmoja wao awe Mstahiki wa Dar yote kwa mwaka, azunguke, mwaka huu Temeke mwaka kesho Kigamboni, na wa Ilala arudishe jina la jiji kwa wote. Posho yake ileile ya umeya wake. Hapo utanikatalia nini mama?

Mama Tabata

Ngoja nikupe mfano wa huku. Kuna mtaro unapita karibu na kwangu, upande wa juu ni manispaa moja upande wa chini ni nyingine. Nimeenda ofisi ya kwanza wameniambia tatizo linaanzia kwa wenzetu, nimeenda ya pili wameniambia maji yanatuama kwa wenzetu. Mvua za mwaka jana nimelala na ndoo ndani. Huyo wako wa kuzunguka, mwaka wa zamu yake, ataweza kuwaita hao wawili kwenye meza moja na wakaja?

Mleta mada

Kuwaamuru hawezi. Kuwaita anaweza.

Mama Tabata

Wasipokuja?

Mtoto wa Gerezani

Wasipokuja atavaa joho aende kusimama kwenye mtaro wenyewe na waandishi wa habari. Nimewahi kuona mji huu ukitikisika kwa kidogo kuliko hicho.

Mama Tabata

Sawa mzee. Joho ntamfulia mimi, ila la kwanza kabisa aje nalo kwenye mtaro wangu.