Naomba ushauri: Mto Lukuledi (Lindi) unafurika bila kufuata kalenda, kitalu cha mpunga niwahishe?

Mpungani: Wadau, nina ekari 2 bondeni kwa Lukuledi, upande wa Nyangao, mbegu SARO 5. Nasoma kwamba tabianchi ikibadilika mito inafurika mapema. Nisogeze kitalu mbele au nyuma?

Kipimamvua: Mkuu, hayo ya "mapema" ni ya kaskazini mashariki mwa Ulaya, theluji inawahi kuyeyuka. Huko huko Ulaya, kuzunguka Bahari ya Kaskazini, mafuriko yamechelewa. Kwetu hakuna theluji, mto unategemea udongo kushiba. Mvua ya Desemba ikikuta ardhi kavu, nyingi inanywewa; ileile ikija Machi inakimbilia mtoni. Msimu ukichelewa kuanza, kilele cha maji nacho huelekea kuchelewa. Ila hewa ikipanda joto nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mvua kali ya siku moja inaweza kufurisha kabla udongo haujashiba. Tarehe ya kukariri haipo.

Pima. Kopo lenye mdomo na kitako sawa, mbali na miti, lisome kwa rula kila saa 3 asubuhi, ujumlishe siku 10. Mtoni simika nguzo yenye alama kila sentimita 10, sehemu iliyonyooka. Kwenye kona ukingo unamegeka na nguzo inaondoka nao.

Bibi Shamba: Naongezea upande wa mpunga. SARO 5 ni mfupi, na hukomaa kwa takriban siku 120. Gawa kitalu mara mbili, wiki 2 kati yake, maji yasikumalizie miche yote. Pale chini kabisa peleka miche mirefu. Ikizama yote kwa wiki nzima, mingi inakufa. Urea usiweke maji yakiwa njiani, yataondoka nayo; subiri yashuke na majani mapya yatoke.

Mpungani: Asante mama. Na mwisho wa msimu?

Kipimamvua: Usipurie bondeni. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kikaja pwani yetu Mei 2024. Viwili havitoshi kusema ndiyo mtindo mpya, ila mpunga uliokatwa na kulazwa chini hauhitaji kimbunga, maji ya kifundo cha mguu yanatosha kuuotesha. Fuatilia taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) za siku 10. Na walioko kando ya Mto Ruvuma wasitazame mawingu ya kwao tu, mto ule unaletewa maji kutoka Songea.