Ubongo ukifa, roho imeshatoka?

Assalaam alaykum wanajamvi. Swali hili kila likiguswa, watu hukimbilia aya ya 85 ya Suratul Israa, kwamba roho ni katika mambo ya Mola, na mazungumzo yanaishia hapo. Aya naiamini. Lakini kuna mtu amesimama wodini, baba yake anapumulishwa na mashine, madaktari wamesema ubongo umekufa. Anataka kujua baba ni mgonjwa au ni maiti.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walitofautiana. Majmaa ya Fiqhi, baraza la mafakihi la OIC (jumuiya ya nchi za Kiislamu), kikaoni Amman, Jordan, mwaka 1986, ilisema mtu amekufa kisharia moyo na pumzi vikikoma moja kwa moja, au kazi zote za ubongo zikikoma bila tumaini la kurudi na ubongo ukaanza kuharibika. Mwaka uliofuata, Baraza la Fiqhi la Makka likaruhusu mashine izimwe madaktari bingwa watatu wakithibitisha hali hiyo, ila mtu asihesabiwe amekufa mpaka moyo na pumzi visimame.

Wanaoshika la Amman humtegemea mwanazuoni Ghazali (aliyefariki 1111): viungo ni ala za roho, na kifo ni roho kuacha kuvitawala. Hoja nzito. Lakini Ghazali huyohuyo aliifungamanisha roho na moyo, si ubongo. Naye mwanazuoni Ibnul Qayyim (aliyefariki 1350) aliiona roho kuwa kiwiliwili cha nuru kilichoenea mwilini mote. Kwa kauli yake, mwili wenye joto na damu inayozunguka utasemaje hauna roho?

Mimi niko na Makka. Uhai ulikuwa yakini, na yakini haiondolewi kwa shaka. Suratuz Zumar, aya ya 42, inasema Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi hata usingizini, na hakuna anayemzika aliyelala. Najua mtasema aliyelala anapumua mwenyewe. Sawa, na koma pia si kifo cha ubongo, tusivichanganye. Ninachosema ni kwamba kupotea kwa fahamu peke yake hakuthibitishi kuwa roho imeondoka.

Na msidhani huu ni ubishi wa vitabuni. Ubongo wa baba umekufa Jumatatu, mwanawe akafa Jumanne, mashine ikazimwa Jumatano na moyo ukasimama. Kwa Amman mwana amemrithi baba. Kwa Makka baba ndiye aliyemrithi mwana. Shamba moja, warithi wengine kabisa. Eda ya mjane, miezi 4 na siku 10, nayo inahesabiwa kuanzia siku tofauti.

Kisha kuna viungo. Moyo wa kupandikiza kwa kawaida hutolewa kwa mtu ambaye ubongo umekufa lakini moyo bado unadunda. Mnaosimama na Amman, nijibuni hapo: mtampasua vipi mtu ambaye fakihi wa Makka bado hajaruhusu aoshwe?