Tupeane uzoefu: siku uliyorudi kutoka kliniki na mtoto hajachanjwa

MamaWawili (Makete)
Kamwene wadau. Kila kampeni ikija tunaambiwa watu wa vijijini tunakataa chanjo. Mimi sijawahi kukataa. Wa pili alipofikisha miezi tisa nilimbeba mgongoni kwenda kuchoma surua-rubela, saa mbili na nusu kwa miguu, mvua ya Februari, na utelezi wa huku mnaujua. Tulijikuta akina mama wanne tu. Nesi akatuhesabu kwa kidole, akasema, "Rudini Alhamisi, watoto hawatoshi." Alhamisi nina kibarua cha kuvuna viazi, na hela ile ndiyo chumvi na sabuni. Nilirudi mwezi wa nne. Nani mwingine yamemkuta?

Nesi_Zahanati
Pole mama. Mimi niko upande wa pili wa dirisha, ngoja niseme. Chupa ile ina dozi kumi, ni ungaunga. Ukishachanganya na maji yake una saa sita, zinazobaki unamwaga. Mwisho wa mwezi dozi zilizomwagwa zinaonekana kwenye ripoti, unaulizwa kama vile umekunywa wewe. Mtoto aliyerudishwa haonekani popote kwenye karatasi ile. Tulifundishwa tufungue hata kwa mtoto mmoja, lakini nimerudisha watu, sikatai.

Na msidhani baridi yetu inatusaidia. Penta, ile chanjo ya magonjwa matano, ikiganda imeharibika, inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Wenzetu wa joto wanahofia jua, mimi Julai nahofia barafu niliyoipanga mwenyewe kwenye kibebeo. Siku moja ya huduma mkoba, tunapowafuata watu vijijini, pikipiki ilitulaza mtoni. Nilikaa kwenye jiwe nakagua kichupa kimoja kimoja: kale kamraba ka alama ya joto ndani ya duara kakiwa keupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Lakini kuganda hakaonyeshi, hapo unatikisa na kuangalia. Akina mama wanasubiri chini ya mti tangu saa mbili.

Boda_Usangu
Mwaka 2022, polio ilipogundulika Malawi, nilibeba wachanjaji wa matone huku Mbarali. Nyumba kwa nyumba, mtoto akipata anapakwa wino kidoleni. Kuna boma la wafugaji tulilifuata asubuhi nzima, tukakuta majivu na kinyesi cha ng'ombe, wameshahama. Mbele kidogo mama mmoja akatuuliza: "Matone mnaniletea mpaka mlangoni. Juzi mwanangu ana homa nimefika zahanati, dawa hakuna. Mbona hiyo hamkuileta?" Dada wa chanjo alinyamaza. Hata mimi nilijifanya naangalia tairi.

Mwl_Kilolo
Kwetu ni ile chanjo ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi kwamba inafunga kizazi ulitutangulia kufika kwa wazazi. Siku ya chanjo nusu ya darasa "wanaumwa tumbo". Aliyetusaidia ni bibi mmoja aliyemuuguza binti yake kwa ugonjwa huo, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaongea kidogo tu.

Tukuyu_Damu
Kwetu ni kadi. Nyumba ilivuja, kadi ikawa uji. Nikasemwa mbele ya watu, nikakaa miezi sijarudi.

MamaWawili (Makete)
Ndugu nesi, asante kwa ukweli. Mwezi ujao anafikisha kumi na minane, surua ya pili. Nimeshapita nyumba za kitongoji, mpaka sasa tuko saba. Nikipata watatu tunakuja wote, tuone mtatafuta sababu gani.

Nesi_Zahanati
Njooni. Hata mkiwa saba nafungua.