JDK 17 ipo, mbona java -version bado inaleta 1.8?

Swali
Wakuu, habari. Kwenye Windows 11 nimeweka JDK 17 (vifaa vya kuandikia programu za Java) na JAVA_HOME, kigezo kinachoonyesha JDK ilipo, nimeiandika C:\Program Files\Java\jdk-17\bin. Bado `java -version` inaleta 1.8.0 (yaani Java 8 ya zamani), na Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, inagoma ikidai JAVA_HOME haijakaa sawa. Kazi hiyohiyo inatakiwa iende pia kwenye Ubuntu na Mac. Nakosea wapi?

Jibu 1
Mkuu, hayo ni makosa mawili tofauti. La Maven: ondoa \bin. JAVA_HOME huelekeza kwenye folda mama, na Maven huongeza bin yenyewe, kwa hiyo sasa inatafuta bin\bin.

La 1.8 ni mpangilio wa Path, yaani orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Windows huisoma kuanzia juu na kushika java.exe ya kwanza, tena Path ya mfumo hutangulia ya mtumiaji. Andika `where java`. Ukiona Oracle\Java\javapath mwanzoni, imewekwa na kisakinishi cha Oracle. Ingiza %JAVA_HOME%\bin juu yake, humohumo kwenye Path ya mfumo, na JAVA_HOME nayo iwe ya mfumo. Kisha fungua cmd mpya. Dirisha lililokuwa wazi hubaki na thamani za zamani.

Jibu 2
Tafadhali usijaribu `setx PATH "%PATH%;..."`. Amri hiyo hukata kila kinachozidi herufi 1024, na programu nyingine zitaanza kupotea. Tumia dirisha la mipangilio.

Jibu 3
Ubuntu, mwishoni mwa ~/.profile:

`export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64`
`export PATH="$JAVA_HOME/bin:$PATH"`

Pasiwe na nafasi kandokando ya =. Toka kwenye akaunti, uingie tena. Wengine hutumia /etc/environment, lakini faili hiyo si skripti: $JAVA_HOME humo hubaki maandishi matupu.

Mac, ndani ya ~/.zshrc (zsh ndiyo shell, yaani programu ya kupokea amri, ya kawaida tangu macOS Catalina, 2019):

`export JAVA_HOME=$(/usr/libexec/java_home -v 17)`

JDK ya Homebrew (zana ya kusakinisha programu kwenye Mac) haionekani kwa amri hiyo mpaka uiunganishe na /Library/Java/JavaVirtualMachines kwa `ln -sfn`.

Muulizaji
Asanteni. Sasa `mvn -v` inaonyesha 17, ila `java -version` bado 1.8.

Jibu 1
Basi JAVA_HOME imekaa sawa, maana ndiyo Maven inayoifuata. `java -version` hufuata Path peke yake: rudi uipandishe %JAVA_HOME%\bin juu ya javapath.