Tupeane uzoefu: shangingi la zamani likianza kukohoa, tatizo la mafuta lilikuwa wapi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzi huu uwe wa waliokumbwa, siyo wa waliosikia kwa jirani. Wengi wetu humu tumenunua magari ya wakubwa yakiwa yameshachoka: BMW X5 za 2002 mpaka 2006, Mercedes ML za mwanzo, Land Rover Discovery 3, Land Cruiser VX. Bei inavutia, unakaa kwenye kiti cha ngozi kama katibu mkuu. Mwezi wa tatu linaanza kukohoa barabarani na hapo ndipo unajua kwa nini aliyekuuzia alikuwa na haraka.

Naanza na langu. X5 ya 2003, petroli, silinda sita, lita 3.0. Desemba naenda Iringa na familia. Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu, mshale wa mafuta ulikuwa juu ya robo kidogo. Nikajisemea nitajaza Ilula nikishapanda Kitonga. Katikati ya mlima, lori la mzigo likiwa nyuma yangu, gari likapoteza nguvu, likakohoa mara mbili, kimya. Napiga stata, inazunguka vizuri kabisa, haiwaki. Tingo wa lile lori akashuka na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi, akaniuliza, "Bosi, mafuta yapo?" Nikamwonyesha dashibodi kwa jeuri. Robo hiyo hapo, huoni?

Fundi wa kwanza Iringa akasema pampu imekufa. Nikanunua iliyotumika, laki tatu na nusu, akafunga, akamimina lita 20, likawaka. Nikamshukuru na soda juu. Wiki mbili baadaye likazima Mbezi Mwisho. Mshale? Robo.

Fundi wa pili hakusema kitu. Alinyanyua kiti cha nyuma, akakunja zulia, akafungua vifuniko viwili, cha kushoto na cha kulia. Akaniita nichungulie. Upande mmoja mafuta yamejaa mpaka nusu. Upande wenye pampu, pakavu, unaona sakafu ya tangi.

Kumbe tangi la gari hili limekaa kama tandiko la punda, limepanda juu ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu tairi za nyuma, kwa hiyo lina matumbo mawili. Pampu iko tumbo moja tu. La pili linafyonzwa na kidude kisicho na umeme: mafuta yanayozunguka kurudi tangini yanapitishwa kwenye kitundu chembamba, na ile kasi yake inavuta mafuta ya upande wa pili. Kwangu kimpira cha ndani kilikuwa kimepasuka. Mshale unajumlisha matumbo yote mawili, kwa hiyo haukuwa unadanganya. Mafuta yalikuwepo, ila hayafiki. Na lita 20 za yule wa kwanza ndizo zilizowasha gari, siyo pampu yake!

Mpira wenyewe ulinigharimu elfu thelathini. Angalizo moja: nunua mpira unaoruhusiwa kuzama ndani ya mafuta. Mpira wa mafuta wa kawaida umetengenezwa upitishe mafuta ndani tu. Ukiulaza tangini unavimba kwa nje na kumeguka, na vile vipande vinaishia kwenye pampu.

Haya, karibuni.

Mdau, Mwanza

Mkuu pole, hiyo ya Kitonga nimeisoma nikajiona. Yangu ni ML 320 ya 2001. Asubuhi injini ilikuwa inamisi, yaani inawaka kwa kukatakata, fundi akasema tubadili filta ya mafuta. Sawa. Kwenye duka wakasema filta ya ML haipo, kuna hii inaingia. Ya kwangu ilikuwa na mabomba matatu, hii ina mawili. Fundi akasema hilo la tatu ni la kurudisha tu, siyo la lazima, akalipiga bolti na klipu akaziba.

Ndugu zangu, gari likaanza kunywa mafuta kama lori. Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, harufu ya petroli mpaka kwenye shati. Nilikaa nayo hivyo miezi miwili nabadilisha plagi tu. Fundi mwingine Nyakato akaweka geji kwenye reli ya nozeli, lile bomba linalozigawia mafuta nozeli zinazonyunyizia injini: presha bar 6 na ushei, wakati injini ile inataka karibu bar 4. Ile filta ya mabomba matatu siyo filta peke yake, humo ndani mna kidhibiti cha presha. Bomba la tatu ndilo linalotoa mafuta yaliyozidi. Ukiliziba umeifunga pampu koo na nozeli zinamwaga.

Filta sahihi niliagiza Dar, ikaja na basi. Ilikuwa ghali kuliko ile mara nne. Nimelipa.

Mdau, Kahama

Uza hilo gari nunua IST. Uzi ufungwe.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Kahama, IST haipandi Kitonga na wakwe watano na gunia la vitunguu. Tuendelee.

Mdau, Nairobi

Wadau salamu. Mimi niko na Discovery 3 ya dizeli, lita 2.7. Yangu haikuwa umri, ilikuwa tamaa yangu ya bei rahisi. Kulikuwa na mahali pa kuuza mafuta njiani kurudi nyumbani, siwezi kupataja, dizeli yao ilikuwa chini kwa shilingi kadhaa. Nikajaza pale kama mwaka hivi. Gari ikaanza kukosa nguvu ukiipita lori, taa ya injini inawaka, inajifunga kwa mwendo wa kobe. Unazima, unawasha, inarudi sawa. Makanika akasoma namba ya hitilafu P0087, yaani presha ya mafuta kwenye reli iko chini.

Alifungua filta akaimimina kwenye chupa ya maji ya plastiki. Juu dizeli, chini vidole viwili vya maji. Halafu akachovya kidole, akakisugua, akaniambia, "Dizeli halisi inateleza kuliko hii, hii imechanganywa mafuta ya taa." Mimi sikuelewa kuna ubaya gani, si zote huwaka? Akanielezea na sijasahau: pampu ya presha kubwa kwa dizeli za kisasa haina oili yake. Dizeli yenyewe ndiyo inailainisha. Reli inafika bar 1,600 huko, chuma kwa chuma. Mafuta ya taa hayana ule utelezi, kwa hiyo pampu inajisaga yenyewe na unga wa chuma unaenda moja kwa moja kwa nozeli.

Kwangu tuliwahi. Tangi liliteremshwa likaoshwa, filta mpya, nozeli mbili kati ya sita zikatengenezwa. Serikali yetu iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 ndio watu wakome kuchanganya, na kweli ilipunguza faida ya huo mchezo. Lakini maji hayana ushuru. Siku hizi namwaga maji ya filta mwenyewe kila mwezi, kuna koki ya kufungua pale chini. Dakika tano.

Mdau (fundi), Tabata

Huku kwetu vilevile. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, yaani kemikali ya kutambua yaliyochanganywa, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei isogeleane na dizeli. Kabla ya hapo tulikuwa tunafungua matangi yananuka kibatari.

Niseme kidogo kutoka upande wa pili wa spana. Magari haya yakiletwa gereji, mwenye gari anakuja na jibu mkononi: "Fundi, pampu." Ameambiwa na mtu. Na fundi mwenye njaa hakatai. Mimi hufanya hivi kabla mtu hajatoa hela.

Swichi ya kwanza, bila kupiga stata, nasikiliza tangini. Kwa magari mengi pampu nzima inavuma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, siendi kwenye pampu, naenda kwenye fyuzi na rilei, ile swichi ndogo inayoipa pampu umeme. Rilei ya miaka 20 ndani yake lehemu inakuwa imepasuka. Ikipoa inafanya kazi, ikipata moto inaachia. Nabadilisha kwa kuazima ya honi kama zinafanana. Likiwaka, umeokoa laki kadhaa kwa elfu kumi na tano.

Halafu napima umeme pale pale kwenye plagi ya pampu, ikiwa inafanya kazi, siyo ikiwa imechomolewa. Hapo ndipo wengi wanakosea. Ikichomolewa utasoma volti 12 safi, ukichomeka zinashuka 9. Pampu inazunguka kivivu, gari linakosa nguvu mlimani, na pampu mpya utakayoweka itafanya vilevile, maana ugonjwa uko kwenye waya. Nimeshaona plagi imeyeyuka mpaka imegandana na kifuniko.

Mwisho geji ya presha. Yangu niliinunua kama elfu themanini, na asilimia kubwa ya mafundi wa chini ya mwembe hawana. Mwenye gari nunua yako, weka buti.

Na zile namba za hitilafu P0171 na P0174 zikija pamoja, maana yake pande zote mbili za injini ya V zinakosa mafuta kulinganisha na hewa. Inaweza kuwa pampu dhaifu au filta, ndiyo. Lakini inaweza kuwa sensa ya kupima hewa imechafuka, au ni hosi ya hewa iliyopasuka inayoingiza upepo usiohesabiwa. Mteja wangu mmoja wa Range alishabadilishiwa pampu mbili kabla ya kuja. Ilikuwa hosi. Niliigundua kwa moshi wa kupimia, ulitoka pembeni ya manifodi, pale hewa inapoingilia injini, kama ubani.

Mdau, Muscat

Assalaam alaykum. Ndugu fundi Allah akubariki. Mimi gari yangu ni ya petroli, V8, ya 2004. Huku kiangazi jua linapita nyuzi 45. Tatizo langu: asubuhi inawaka mara moja. Nikienda sokoni, nikaizima dakika ishirini, nikirudi nazungusha stata mpaka betri inalia. Ikiwaka inatetemeka kidogo, halafu inatulia. Nimebadilisha plagi zote nane. Dawa niliyoigundua mwenyewe ni kufungua swichi mara tatu bila kupiga stata, ya nne inawaka.

Mdau (fundi), Tabata

Wa alaykum salaam, sheikh. Umeshajipima mwenyewe bila geji. Kila ukifungua swichi pampu inasukuma sekunde mbili, mara tatu presha inajaa, ndiyo maana inawaka. Kwa hiyo presha inashuka ukizima, na joto la injini linageuza mafuta yaliyobaki kwenye reli kuwa mvuke. Ama vali ya kuzuia mafuta yasirudi iliyomo ndani ya pampu imechoka, ama nozeli mojawapo inadondosha. Kule kutetemeka kunanifanya nishuku nozeli: ile silinda inakuwa imelowa. Chomoa plagi baada ya dakika ishirini, itakayotoka imelowa petroli ndiyo mwizi wako.

Mdau, Muscat

Nitafanya Ijumaa inshallah, nitaleta jibu.

Mdau, Arusha

Mimi ni mama wa watoto watatu na VX ya petroli ya 2002 niliyorithishwa na kaka. Naomba msinicheke. Kila nikijaza mafuta, gari lilinuka petroli siku mbili, wanangu wanatapika njiani kwenda shule. Mafundi wawili walikagua mabomba yote, makavu. Wa tatu akaniuliza swali moja: "Mama, unajazaje?" Nikamwambia najaza kamili, pampu ya sheli ikikatika namwambia kijana aongeze mpaka nione mafuta mdomoni. Baba yangu alitufundisha hivyo, vinginevyo umeibiwa.

Akacheka. Kuna kopo lenye mkaa ambalo kazi yake ni kunywa mvuke wa petroli wa tangini na kuupeleka injini ukachomwe. Ni la mvuke, siyo la kimiminika. Mimi kwa miaka nilikuwa nalijaza petroli yenyewe, mkaa ukalowa ukaharibika. Na juu ya hilo, mpira wa kifuniko cha pampu ulikuwa umekakamaa, umepasuka kama kisigino cha kiangazi, kwa hiyo tangi likijaa sana linavuja juu pale, chini ya zulia, karibu kabisa na miguu ya watoto.

Kopo nimepata lililotumika, mpira nimenunua mpya. Harufu imekwisha. Sasa najaza, ikikatika basi.

Ila kuna jambo limenikaa. Siku anafungua kile kifuniko, tangi wazi, mvuke unauona unacheza hewani kama wa barabara ya lami saa nane mchana, fundi wa pembeni alikuja kuangalia na sigara mdomoni. Inawaka. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa gereji wakaamka. Akaniambia, "Mama usiogope, nimezoea."

Nataka kubadilisha filta mwezi ujao na kule sirudi. Mwenye kumjua fundi mzuri Arusha, Njiro au Sakina, asiyevuta sigara, anielekeze tafadhali.