Nimepewa kipindi cha saa moja kila wiki cha muziki mpya wa Ayalandi, nakipangaje?

Mpenda_Vinanda:
Wakuu, salaam. Kituo cha redio ya jamii hapa Dublin kimenipa saa moja kila Jumatatu, saa 2 hadi saa 3 usiku, mubashara. Sharti ni moja tu: muziki mpya wa Ayalandi, na wanaochipukia wapate nafasi. Meza ya mitambo nimeshafundishwa. Nimebakiwa na wiki 3. Naomba kujua nyimbo ngapi zinatosha, nazipata wapi kila wiki bila kukaukiwa, na hizi faili za wasanii wachanga zinazokuja na sauti za kila namna nazifanyaje. Mwenye namba aweke namba.

Saa_ya_Studio:
Karibu mkuu. Hesabu dakika, usihesabu nyimbo. Ukitoa habari na matangazo ya kituo, saa moja huwa inabaki kama dakika 57. Nyimbo 12 za wastani wa dakika 3 na sekunde 40 ni dakika 44. Mahojiano mafupi, dakika 6. Zinabaki 7: maongezi 7 ya sekunde 50 hula karibu dakika 6, na dakika moja na ushei ndiyo ya kufungua na kufunga kipindi. Kwa hiyo piga nyimbo mbilimbili kisha uongee. Ukiongea baada ya kila wimbo, mahojiano hayana pa kukaa.

Angalia sana muziki wa jadi. Wapigaji fidla na filimbi huunganisha nyimbo mbili tatu kuwa kipande kimoja cha dakika 5 au 6. Vipande viwili vya namna hiyo vinakunyang'anya wimbo mmoja mzima.

Kufunga: panga kutokea mwisho kurudi nyuma. Kama wimbo wa mwisho una dakika 3 na sekunde 52, uanze zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 10. Hapo una sekunde 18 za kuaga. Ukiuanza umechelewa, kompyuta ya kituo itaukata kiitikio kikiwa katikati, na msanii aliyewakusanya ndugu zake wamsikilize ataumia. Weka pembeni kipande kisicho na maneno cha dakika 3, cha kuziba pengo muda ukizidi.

Binti_Kinubi:
Kabla ya kutafuta nyimbo, mleta uzi, andika kwenye karatasi maana ya "mpya" na maana ya "wa Ayalandi". Usipofanya hivyo utabishana na watu kila wiki.

Mpya: iliyotoka ndani ya wiki 8 inatosha. Tangu Julai 2015 nyimbo duniani hutoka Ijumaa, kwa hiyo Jumatatu yako ni siku nzuri mno, unapiga vitu vya siku tatu. Gawanya kazi: Ijumaa na Jumamosi sikiliza, Jumapili panga na andika, Jumatatu usiongeze chochote isipokuwa kumetokea dharura. Wimbo uliotumiwa kabla ya tarehe ya kutoka usiupige mpaka mwenyewe aridhie kwa maandishi. Mara nyingi kituo au gazeti lingine limeahidiwa kuwa la kwanza, na utakuwa umemharibia.

Wa Ayalandi: mimi nashauri kisiwa kizima, Belfast na Derry za Ayalandi ya Kaskazini zikiwemo, pamoja na wanaoishi huko waliozaliwa kwingine. Rapa Denise Chaila alizaliwa Zambia na anatokea Limerick, na kazi yake Go Bravely ilipewa tuzo ya Choice Music Prize kama albamu bora ya Ayalandi ya mwaka 2020. Ukiweka mstari wa mahali pa kuzaliwa unawafungia nje watu wanaoubadilisha muziki wa nchi ile sasa hivi. Na usiangalie namba ya ISRC (namba ya utambulisho ya kila rekodi) kuamua uraia wa wimbo. Herufi IE mwanzoni zinaonyesha Ayalandi, lakini msanii wa Cork akisambaza kupitia kampuni ya nje anaweza kupewa namba inayoanza na QZ, ambayo ni ya Marekani.

Vyanzo: Bandcamp (tovuti ambako wasanii huuza muziki wao), tafuta kwa jina la mji mmoja mmoja (Galway, Limerick, Cork, Derry), usiishie Dublin. Tovuti ya Breaking Tunes, iliyo chini ya First Music Contact. Jarida la Hot Press. Blogu ya Nialler9. Tazama pia ratiba za kumbi kama Whelan's ya Dublin, Róisín Dubh ya Galway na Dolan's ya Limerick, hasa majina madogo ya wanaotangulia kupiga. Hao ndio watu wako wa miezi sita ijayo.

Fungua anwani moja ya barua pepe ya kipindi na uwaambie wasanii watume nini: faili ya WAV (sauti isiyobanwa), mistari mitatu ya maelezo, mji wanaotoka, tarehe ya kutoka, na onyesho lao lijalo. Maelezo ya kurasa mbili huwezi kuyasoma hewani.

Majina makubwa kama Fontaines D.C., CMAT au Lankum wape nafasi moja kwa saa, tena wakiwa na kazi mpya tu. Wao wanapigwa kila mahali. Waweke katikati, halafu mara baada yao piga mtu asiyejulikana, maana hapo msikilizaji bado amekaa.

FundiMitambo:
Kuhusu faili. Kataa MP3 ya kbps 128, imebanwa mno. Ikipita kwenye mtambo wa kituo unaobana sauti kubwa na kuinua ndogo, ule mchakacho uliokuwa umejificha kwenye matoazi unapanda juu, kisha matangazo ya intaneti yanaibana faili mara ya pili. Chukua WAV ya 44.1 kHz, biti 16, au ikishindikana MP3 ya 320.

Ukubwa wa sauti: wimbo uliokamilishwa studio unaweza kuwa −8 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ni kubwa zaidi) na demo, yaani rekodi ya majaribio, ya chumbani −18. Hiyo ni tofauti ya desibeli 10, dereva aliyewasha redio garini ataruka. Uliza kituo kinatumia kipimo gani. Kama hawana, kipimo kinachopendekezwa kwa utangazaji Ulaya ni R128, yaani −23 LUFS. Shusha zilizo kubwa, usipandishe zilizo ndogo. Ukipandisha demo, vilele vya ngoma vinagonga dari na sauti inapasuka, na ikishapasuka hairudi.

Kisha sikiliza kila demo kwa mono, yaani kushoto na kulia zikijumlishwa kuwa moja. Wanaorekodi nyumbani hupenda kutanua sauti kushoto na kulia kwa programu. Redio ndogo za jikoni zina spika moja, na pande mbili zikijumlishwa zinafutana. Nyimbo nyingine mwimbaji hupotea kabisa. Ukikuta hivyo mwandikie msanii akutumie toleo lingine, atashukuru.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: vituo vingi vina kifaa cha kugundua ukimya. Sauti ikikaa chini kwa sekunde kadhaa, kinawasha muziki wa akiba chenyewe. Ayalandi ya sasa ina muziki mwingi wa jadi unaoanza kwa mvumo mdogo sana, nusu dakika nzima. Muulize fundi wenu kifaa kimewekwa sekunde ngapi, na wimbo wa namna hiyo uongee juu ya mwanzo wake.

Mpenda_Vinanda:
Aisee, asanteni sana. Sasa majina. Nimeona Sadhbh na Caoimhe kwenye orodha yangu ya kwanza, sijui hata pa kuanzia. Na nyimbo za lugha ya Kiayalandi, nitajuaje kama kuna matusi?

Shemeji_wa_Galway:
Sadhbh ni Saiv. Caoimhe wengine husema Kiiva, wengine Kwiiva, kwa hiyo usikisie: mwombe kila msanii akurekodie jina lake kwa simu, sekunde 5 tu, kisha andika kwa tahajia yetu. Siobhán, Shivoon. Niamh, Niiv. Aoife, Iifa. Tadhg, Taig. Sisi tuna bahati, irabu za Kiswahili zinabeba matamshi haya vizuri.

Kanuni chache za kukusaidia: bh na mh ni v au w, th ni h, s ikikaa na e au i ni sh, c daima ni k. Kile kimstari juu ya irabu kinaitwa fada, kinairefusha. Ukikiacha kwenye maandishi umeandika jina la mtu mwingine. Na mwanamke anayeitwa Ní fulani usimgeuze kuwa O' fulani.

Matusi: omba mashairi pamoja na tafsiri, hasa rap. Kneecap wa Belfast wanachanganya Kiayalandi na Kiingereza ndani ya mstari mmoja, na vijana wengi sasa wanafanya hivyo. Usidhani lugha ngeni inakukinga, wazungumzaji wanasikiliza. Uliza kama kuna toleo safi la redioni.

Na taja jina la msanii kabla na baada ya wimbo. Aliyewasha redio katikati ndiye anayetaka kujua zaidi.

Binti_Kinubi:
Nimesahau kitu, nacho ni hela ya wasanii. Usiku uleule jaza fomu ya nyimbo: jina la wimbo, mwimbaji, watunzi wote, lebo (au "binafsi"), muda uliopigwa, ISRC. IMRO, chama cha haki za muziki cha Ayalandi, hulipa watunzi na wachapishaji. PPI hukusanya kwa niaba ya wenye rekodi. Wa Kaskazini wengi wako PRS na PPL, vyama vya namna hiyo vya Uingereza, malipo yao hupitia makubaliano ya vyama hivyo. Wimbo wa jadi usiache nafasi ya mtunzi wazi, andika "Trad. arr." (wa jadi, umepangwa na) na jina la aliyeupanga, la sivyo mpangaji hapati kitu. Kwa msanii anayeanza, waulize watunzi kwenye barua pepe ya kwanza kabisa, maana jina la bendi pekee halitoshi kwenye fomu.